Kuku Aliyeomba Ushauri Ghorofa ya Tisa

Usiku wa kuamkia leo niliota nimeajiriwa. Mimi Subilaga, bibi wa wajukuu tisa, niliyeishia darasa la nne kwa sababu mwalimu wetu alihama asiletwe mwingine, nimeajiriwa katika kampuni kubwa ya ushauri huko mjini. Na aliyeniajiri alikuwa koti.

Lakini hilo koti lisubiri kidogo. Jana jioni nilikuwa namenya ndizi, simu ikaita. Ni mjukuu wangu Tusekile, ambaye anafanya kazi katika kampuni ya namna hiyo, mwaka wa nne sasa. Majirani wakiniuliza kazi yake ni nini huwa nasema, "Anawaambia watu wenye kazi zao namna ya kuzifanya." Wanasema ahaa, halafu wanaomba chumvi.

"Bibi," akasema, "wamenipa barua. Ama nipandishwe cheo, nisaini miaka mitano mingine, ama nitoke. Wanataka jibu kesho kabla ya saa sita mchana. Na hapo nyumbani chama cha wakulima wa parachichi wananitaka nikawasimamie. Nifanye nini?"

"Wewe mwenyewe unasemaje?"

"Mimi nimechoka kusema, Bibi. Kutwa nasema. Niambie wewe."

Sasa huo ni mzigo wa kumtwisha mtu jioni, ndizi hazijaiva? Kampuni ile imenipa jicho, nisiseme uongo. Kwa kadi ya bima ya Tusekile ndipo nilipotolewa mtoto wa jicho, na leo natunga uzi kwenye sindano bila kumwita mtu. Lakini pia Krismasi iliyopita alikuja na kompyuta, akaiweka mezani, akala kwa mkono mmoja huku mwingine ukibofya, na wali wenyewe sidhani kama ulijua kwamba umeliwa. Nikamwambia, "Subiri kupambazuke, nitakujibu." Nikala, nikasali, nikalala.

Ndipo nikajikuta mbele ya jengo la vioo.

Jua limepanda kidogo tu. Nimevaa kitenge cha kanisani na viatu vya mvua. Mlango unaniangalia kuanzia juu mpaka chini.

"Kitambulisho," unasema mlango.

"Sina. Nina uso."

"Uso hausomeki."

"Huko kwetu wanausoma vizuri tu."

Mlango ukaguna, ukafunguka nusu, nikapita kwa ubavu kama mtu anayeingia kwenye banda la mbuzi. Ndani, nyuma ya meza ndefu, lilikuwa limesimama koti la kijivu, limepigwa pasi, na tai juu yake. Mtu hakuwemo. Mikono ya koti iliinuka, ikanionyesha kiti.

"Umeajiriwa," likasema koti.

"Marahaba," nikajibu, ingawa halikuniamkia. Huwa nawasaidia watu namna hiyo.

"Mimi ni Mbia Mkuu."

"Na yule anayekuvaa yuko wapi?"

"Yuko kwa mteja."

"Tangu lini?"

Koti likafikiri. "Tangu alipopata cheo."

Nikatikisa kichwa. Nikaliambia sikuja kuajiriwa, nimekuja kutazama tu mahali anapofanya kazi mjukuu wangu, nijue la kumjibu, kisha nirudi nikafunge mifugo. Koti likasema hapo hakuna kutazama tu, kila aingiaye ameajiriwa, na kwamba nina bahati, kwa sababu hapo mtu hujifunza kwa mwaka mmoja yale ambayo kwingine angejifunza kwa kumi.

Kabla sijajibu, miaka kumi ikanipanda. Niliihisi ikipita kwenye uti wa mgongo. Papo hapo nikajua kufunga tai, kukunja shati bila kulikunjamanisha, na kumkatiza mtu mazungumzo huku nikimshukuru. Nakiri nilifurahi. Lakini nilipotaka kusimama, magoti yangu nayo yalikuwa yamezeeka miaka kumi.

"Hilo la magoti hukulisema," nikaliambia.

"Lipo kwenye mkataba. Kwa maandishi madogo."

"Jicho langu linaona maandishi madogo."

"Haya ni madogo zaidi."

Likanichukua kunitembeza. Njiani likasema jina la kampuni yao linafungua milango popote duniani. Nikasema sawa. Likasema, "Sikiliza," kisha likalitaja jina kwa sauti. Milango yote ya ghorofa ile ikafunguka kwa mpigo, ya ofisi, ya makabati, ya majokofu, na ya choo, ambamo kijana mmoja wa kiume alikuwa ameketi na kompyuta mapajani.

"Samahani," akasema kwa adabu, "niko kwenye kikao."

Nikageuza uso. Ndipo nikaona kwamba saa ya ukutani imeshuka na inanifuata kwa miguu, ina mkasi mkono wa kulia na kopo mkono wa kushoto. Kila baada ya dakika sita inakata kipande cha muda wangu, inakinusa, inakitia koponi.

Nikapiga chafya.

"Hiyo ni ya mteja gani?" ikauliza saa.

"Ni ya vumbi."

Ikapekua daftari. "Hatuna mteja anayeitwa Vumbi."

"Basi andika ni yangu."

"Wewe si mteja, mama. Chafya isiyo na mteja hairuhusiwi humu. Irudishe."

Nimelea watoto saba na wajukuu tisa, nimewahi kungoja karani wa ardhi miezi kumi na minne kwenye kiti kisicho na mguu mmoja, na watu husema Subilaga ana subira ya mawe. Nikairudisha ile chafya. Ilipita puani kwa shida, ikatua kifuani, na iko hapo mpaka sasa hivi ninapoandika. Lakini niliwaza: huku subira yangu itaisha kabla ya mchana.

"Tusekile yuko wapi?" nikauliza.

"Yuko kwa mteja," likasema koti.

"Na mimi nikae wapi?"

"Benchini. Asiye na mteja hukaa benchini."

Benchi lilikuwa la mninga, refu, safi. Nilipolikaribia likavuta pumzi.

"Karibu, mama. Usinikalie huo ubavu wa kushoto, nina kidonda. Kaa hapa. Una siku thelathini."

"Za nini?"

"Ukizimaliza hujapata mteja, nakumeza."

Nikainama kutazama chini yake. Soksi mbili nyeusi zilikuwa zinaning'inia, moja imetoboka kidoleni. Sikukaa. Nikaliambia benchi kwamba huko kwetu benchi ni la wageni, na mgeni hamezwi, hupewa maji. Benchi likasema hawakuwahi kulifundisha hivyo, lakini litalipeleka wazo hilo kwenye kamati.

Nikiwa bado nabishana na mbao, ukumbi ukageuka. Sikusogea hatua, ila nilikuwa tayari kwenye chumba cha mikutano cha ghorofa ya tisa, kwenye meza ndefu kama kaburi la mtu mrefu, na pande zote makoti yamesimama wima, mengine yakiwa bado na watu ndani. Mwisho wa meza, juu ya kiti cha ngozi cha mwenyekiti, alikuwa ameketi kuku wa madoadoa. Chini yake mayai. Nikayahesabu yaliyokuwa yanachungulia na kukisia yaliyofichika: kumi na moja.

"Huyo ni nani?" nikanong'ona.

"Nyamaza," likanong'ona koti. "Ni Mteja."

Kuku akakohoa. Makoti yote yakaandika.

Na hapo mbele, kwenye ukuta wenye picha za mwanga, nikamwona Tusekile. Mjukuu wangu mwenyewe, amevaa koti la bluu, kijiti mkononi, macho mekundu kama ya mtu aliyepuliza kuni mbichi. Hakuniona. Alikuwa kwenye picha ya mia na arobaini.

"Kama mtakavyokumbuka," alikuwa akisema, "Mteja alituuliza swali: ayaatamie wapi mayai yake. Tumezungumza na wadau wote."

"Wadau gani?" nikauliza. Mdomo wangu huu.

"Tulimuuliza kuku," akajibu bila kugeuka.

"Akasemaje?"

"Alisema anataka mahali pakavu pasipo na panya."

"Na ninyi mnamshauri nini?"

Tusekile akabofya. Ikaja picha ya mia na arobaini na moja, ya kijani, yenye mishale. "Mahali pakavu," akasoma, "pasipo na panya."

Makoti yakapiga makofi kwa mikono iliyojaa na mikono mitupu. Kuku akajifuta jicho kwa bawa.

"Ndivyo hasa nilivyokuwa nafikiri," akasema. "Ila sikuwa na uhakika."

"Kwani umeanza kuuliza lini, mama kuku?" nikamwuliza.

"Mwaka jana, mwezi wa pili."

"Na mayai hayajaharibika?"

"Haya ni ya juzi. Yale ya mwanzo yalikuwa awamu ya kwanza."

"Yakawaje?"

"Yakawa viza." Akashusha kichwa. "Lakini walituandikia ripoti nzuri sana kuhusu viza. Ina picha."

Mimi nafuga kuku tangu sijaolewa. Najua kuku anavyotetea anapotafuta mahali, anavyozunguka, anavyokasirika ukimchelewesha. Kumwacha mama wa mayai kumi na moja juu ya kiti cha ngozi kinachoteleza, chini ya kiyoyozi, huo si ushauri, ni dhambi.

"Mwajiriwa mpya ana mchango?" likauliza lile koti la kijivu.

"Ninao. Tafuteni chungu kilichopasuka. Mtie majivu chini kwa ajili ya utitiri, nyasi kavu juu yake, mkisogeze ukutani, mwacheni alale. Basi."

Kalamu zote zikasimama. Hata projekta ikanyamaza.

"Hilo ni jambo moja," likasema koti. "Hapa kila jambo lina mambo matatu."

"Chungu, majivu, nyasi. Hesabu."

"Na ukuta?"

"Ukuta ni ukuta tu, baba."

"Basi yamekuwa manne." Likageuka. "Ukuta utoke."

Ukuta ukatoka. Uliinua miguu yake ya saruji, ukasema, "Samahani, samahani jamani," ukapita nyuma ya viti na kutoka mlangoni kwa ubavu kama nilivyoingia mimi. Upepo ukaingia. Karatasi zikaruka kama kumbikumbi. Makoti yasiyo na watu ndani yakaanza kupepea, na yale yenye watu yakayashika yasianguke.

Hakuna aliyetaharuki. Kila mmoja akaandika: *ukuta, umetolewa.*

Chungu kikaletwa, kikalalamika kwamba kimepasuka tangu zamani na hakikutaka watu wajue. Nikamwamuru kuku ashuke, nikayahamisha mayai mawili mawili kwenye upindo wa kitenge, nikampangia majivu na nyasi. Akaketi. Akazungusha kiuno mara mbili, akatulia, macho yakaanza kulegea. Mwanamke yeyote aliyewahi kuvua viatu vya kubana anaujua uso ule.

"Vizuri," likasema koti. "Kazi imekwisha. Tunaondoka."

"Mnaondoka kwenda wapi? Bado siku ishirini na moja. Nani atamwekea maji? Nani atatazama?"

"Hayo ni utekelezaji," likasema koti, na hapo likashusha sauti. "Sisi hatutekelezi."

"Yaani hamkai mkaona?"

"Mama, tafadhali. Kuna watu wapya humu."

Sanduku lenye magurudumu likaingia mbio, likamshika Tusekile mkono, likaanza kumvuta kama mbuzi anayepelekwa mnadani. "Twende," likasema, "kuna bata anasubiri. Hajui aogelee upande gani."

Ndipo Tusekile aliponiona.

"Bibi! Umefikaje huku?"

"Nimeajiriwa. Umekula?"

"Nitakula nikifika."

"Ukifika wapi?"

Akafikiri. Sanduku likamvuta. "Sijui, Bibi. Kwa mteja."

Nikamshika mkono ili nimzuie. Nikashika nguo. Mkono wa koti lake ulikuwa mtupu mpaka kwenye kiwiko, hakuna kidole, hakuna kiganja, hewa tu yenye joto kidogo, kama kitanda alichotoka mtu sasa hivi.

Nikatazama yale makoti mengine yanayopepea na nikaelewa jinsi yalivyoanza.

"Tusekile, mkono wako!"

"Ah, huo." Akautazama kama mtu anayetazama kifungo kilichong'oka. "Unapotea kidogo kidogo. Wakubwa wanasema ni kawaida, unazoea."

"Hauumi?"

"Hauumi. Ndiyo ubaya wake."

"Basi nieleze, mama," nikamwambia. "Uliniuliza, nami nakuuliza. Humu kuna nini kizuri?"

"Kizuri kipo, Bibi, sitakudanganya. Nilikuja hapa naogopa hata kujibu simu. Sasa naingia kwenye chumba cha wakubwa ishirini, nauliza swali, na wanajibu. Wenzangu wa humu wangenitolea figo, ila hawana nafasi. Na lile jicho lako."

"Ninalo hapa. Na kibaya?"

Akamtazama kuku. Kuku alikuwa amefumba macho.

"Miaka minne," akasema polepole, "nimeshauri mayai ya kila aina. Sijaona hata moja likipasuka."

Hapo lifti ikajileta yenyewe katikati ya chumba, ikajisafisha koo. Ilikuwa na sauti ya mzee wa kanisa anayesoma matangazo.

"Ndugu Tusekile. Panda au toka."

Ilikuwa na milango miwili. Mmoja umeelekea juu. Nikachungulia nikaona kamba ndefu kama ya kuanikia nguo, na makoti yametundikwa mpaka macho yanaposhindwa, yote yamepigwa pasi, yananong'onezana kuhusu ndege. Mlango wa pili ulikuwa wazi kwa nje. Nje hapakuwa na kitu. Ghorofa tisa za hewa, na chini kabisa gari la takataka linarudi nyuma.

"Mtu atokaje hapo?" nikauliza.

"Anatoka," ikasema lifti.

"Na asipotaka kupanda wala kutupwa?"

"Hakuna asipotaka. Zimebaki dakika sita iwe saa sita."

Saa ya ukutani ikachezesha mkasi. Makoti yakanigeukia. Lile la kijivu likasema kwamba familia ya mwajiriwa ina haki ya kutoa maoni, kwa ufupi, kwa mambo matatu. Sanduku linavuta. Lifti inahesabu. Na Tusekile naye ananitazama kwa yale macho ya jana jioni, *niambie wewe.*

Nikachoka. Nikachoka mwili na roho. Nimekuwa mtu wa subira maisha yangu yote, lakini subira ni ya kungojea kitu, haikuumbwa kwa kungojea watu wanaokimbia. Sikusema jambo moja wala matatu. Nilivua viatu vya mvua, nikakaa sakafuni kando ya chungu, nikanyoosha magoti yangu yaliyozeeka miaka kumi.

"Unafanya nini?" likauliza koti.

"Nakaa."

"Kwa mteja gani?"

"Kwa kuku."

"Mpaka lini?"

"Mpaka aangue. Tusekile, kaa."

"Bibi, ndege..."

"Nimesema kaa."

Nashukuru kwamba tulimlea. Akakaa. Sanduku likavuta, mpini ukang'oka, likaviringika peke yake mpaka pale ukuta ulipokuwa, likasita, likakaa chini nalo.

Sasa ndani ya zile dakika sita zikapita siku ishirini na moja. Usiniulize zilivyoenea. Tulimpa kuku maji kwenye kifuniko cha chupa ya wino. Tusekile alilala na kichwa mapajani kwangu siku mbili bila kugeuka. Siku ya tatu, kidole gumba kilirudi. Siku ya tano, cha shahada. Saa ilizunguka chumba kwa hasira, mkasi juu, ikiuliza, "Hii ni ya nani? Hii nayo ni ya nani?" mpaka kopo likajaa, likapasuka, na ikaanza kutuletea chai. Benchi lilikuja kututembelea, likasema kamati imekubali wazo la maji, na kwamba limemtapika mwenye soksi. Siku ya kumi na nne Tusekile alikula wali kwa mkono wake wa kulia, wote, na akasema, "Bibi, umetia nazi." Nilikuwa nimetia.

Koti la kijivu lilisimama mbali siku zote hizo. Siku ya ishirini na moja likasogea, likainama juu ya chungu kwa shingo ambayo halikuwa nayo.

"Kuna sauti ndani," likasema.

"Ndiyo."

"Inatoka wapi?"

"Kwenye yai, baba. Limeanza kudonolewa."

Likatetemeka mpaka vifungo vikagongana. "Na hii ndiyo... lile neno?"

"Ndilo. Utekelezaji."

"Miaka thelathini na moja," likasema koti, "nilidhani ni kitu kichafu."

Tukiwa tumeinama hivyo wote, nikasikia ndoo. Pale ukuta ulipokuwa zamani, nyuma yake, palikuwa na ngazi. Ngazi za saruji za kawaida kabisa, zina vumbi pembeni na zimeng'aa katikati. Mama wa usafi alikuwa anazipanda taratibu, ndoo mkono mmoja, fagio mkono mwingine. Yeye alikuwa na mikono yote miwili.

"Kumbe mko huku," akasema. "Habari za kukaa, mama?"

"Nzuri, dada. Wewe ni nani?"

"Enesi. Nasafisha hapa."

"Na ngazi hizi, Enesi, zinakwenda wapi?"

Akanitazama kama ninavyomtazama mtoto anayeuliza mvua inatoka wapi.

"Zinashuka mpaka barabarani. Na ukitaka kupanda, zinapanda. Unapumzika popote unapochoka."

"Kwa nini hawa hawazitumii?"

"Hawajaziona. Kulikuwa na ukuta."

Lifti ikapiga kengele ya saa sita. Yai likasema *pii*. Nikamgeukia Tusekile nimwambie, mdomo ukafunguka, na ile chafya iliyorudishwa ikaanza kupanda kutoka kifuani.

Nikaamka.

Kumekucha. Ukungu umeziba migomba, jogoo wa jirani amechelewa kama kawaida yake. Nikakaa kitandani na kusubiri nipige chafya, haikutoka. Simu ikaita.

"Ugonile, Bibi," akaniamkia Tusekile kwa lugha ya nyumbani. Sauti imekwaruza. "Niko ofisini tangu saa kumi na moja. Umeamua?"

"Vidole vyako viko vingapi mkono wa kulia?"

"Bibi!"

"Hesabu."

Akahesabu. Vitano. Nikashukuru Mungu.

"Basi sikiliza. Walikwambia yapo mawili, kupanda au kutoka. Wamekosea. Waandikie barua wewe, kabla hawajakuandikia. Uwashukuru kwa kukuondolea woga, na kwa jicho langu pia, ulitaje. Kisha ushuke kwa miguu yako mwenyewe, uje kwenye hayo maparachichi. Ukae nayo mpaka uyaone yameiva. Baada ya hapo ukitaka kupanda tena, panda. Ila ngazi."

Alinyamaza muda mrefu, na nafurahi kwamba hakuna aliyeukata. Nikasikia anavuta kamasi.

"Ndiyo, Bibi," akasema. "Sijui kwa nini nilitaka niambiwe. Ni hilohilo nililokuwa nataka."

"Usiniletee ya kuku hapa."

"Ya nani?"

"Endelea."

"Halafu Bibi, humu hakuna ngazi. Miaka minne sijawahi kuziona."

"Zipo nyuma ya ukuta wa chumba cha mikutano."

Hakuniuliza nimejuaje. Nikasikia viatu vyake kwenye sakafu, mlango ukalia, viatu vikaendelea, kisha vikasimama.

"Bibi," akasema kwa sauti ya chini. "Kuna ganda la yai sakafuni, chini ya kiti cha mwenyekiti."

"Ganda au yai?"

"Ganda. Limepasuka katikati. Lina majivumajivu."

Nikashusha miguu kitandani, nikatafuta viatu.

"Basi tazama unapokanyaga, mama," nikamwambia. "Bado kumi."